Asiambiwe Huku

Lenah alikuwa ameinama nyuma ya mnara wa kengele, anafunga mkanda wa kiatu, aliposikia sauti ya Kalekye upande wa pili wa ukuta.

"Asiambiwe huku," Kalekye alikuwa akinong'ona kwenye simu. "Tumlete nyumbani kwanza. Watu wawe wamefika, wameketi."

Ukuta ule wa mawe ulijengwa na wamisionari enzi za babu zetu, na Lenah aliuegemea akisikiliza. Hakuhitaji kuelezwa. Maneno hayo kila mama wa mtaa wa Maringo anayajua, na anajua yanasemwa pakiwa na msiba. Tena alijua yanamhusu nani. Kati ya akina mama wote waliopanda basi la kanisa asubuhi ile kuja kuona kanisa la kale la Limuru, mmoja tu ndiye aliyeacha mgonjwa kitandani. Teresiah, rafiki yake wa kufa kuzikana. Mumewe Mugo hakuwa ameinuka tangu Krismasi. Na ni wao wenyewe waliomshurutisha: twende Mama Jacky, ukapunge hewa, mzee ataangaliwa na watoto.

Haki ya Mungu, mbona leo?

Alijitokeza. Kalekye, mwenyekiti wa kikundi chao, nusura aiangushe simu.

"Nimesikia," Lenah alisema.

"Umesikia nini?"

"Mugo. Maskini Teresiah!"

Kalekye alimtazama, kisha akatazama majani chini. "Basi nyamaza," alisema. "Kaa naye. Usimwache peke yake hata kidogo. Na simu zizimwe."

Lenah aliifahamu kazi hiyo. Mama yake alipofariki, muuza mboga alimpa pole sokoni Burma kabla hajaambiwa na mtu, na Lenah akaanguka pale pale katikati ya mabucha. Ni Teresiah aliyemwinua na kumfuta damu usoni. Leo ilikuwa zamu yake kulipa fadhila. Teresiah asiipate habari hii kwa njia ya kijinga.

Ndani ya kanisa, mzee mlinzi aliwaonyesha madirisha ya vioo vya rangi na viti vilivyochongwa kwa shoka. Wengine waliitikia "aaa!" na "ooo!" Lenah alikuwa anatazama mkoba wa Teresiah tu.

"Mama Jacky, hizi simu zinatuharibia safari," alimwambia wakitoka. "Hebu nipe yako niiweke."

Alikuwa ameandaa maneno ya kumbembeleza. Wapi! Teresiah aliitoa mara moja. "Haya. Na wewe Mama Eve, nipe yako. Tupumzike sote."

Lenah akampa. Alishukuru Mungu kwamba imekuwa rahisi.

Mchana walipakua pilau na kuku chini ya miti, mashamba ya chai yakiwa yametandazwa mbele yao mpaka upeo. Mtu haambiwi msiba tumbo likiwa tupu, kwa hivyo Lenah alimrundikia Teresiah sahani. Teresiah naye akamwekea Lenah paja la kuku.

"Kula wewe."

"Nitakula ukila. Tafadhali, Mama Eve, jaza tumbo."

Wakalishana hivyo kama maharusi. Akina mama wengine waliwatazama, halafu wakageuza nyuso.

Baada ya chakula walipelekwa kwenye maporomoko ya maji, na huko ndiko mambo yalipotaka kumwagika. Mwongozaji alikuwa akisimulia kuhusu pango lililo nyuma ya maji, Teresiah akaanza kulia bila sauti. Lenah aliamua: atamwambia. Urafiki gani huu wa kumdanganya mwenzako siku nzima, unamchekea machoni?

"Mama Jacky..." alianza.

"Usiseme kitu," Teresiah alimkatiza, akamvua Lenah mtandio uliolowa manyunyu, akamfunika na shali yake mwenyewe. "Una baridi. Viatu vyako vizuri. Ni Shitanda amekushonea?"

"Juzi tu. Huyo mume wangu aliacha kazi za wateja sokoni Kariokor ati lazima nisafiri na viatu vipya." Lenah alicheka kidogo, akaona aibu kucheka mbele ya mjane. "Vinabana bado. Amesema atanipokea kituoni na mwavuli, nisiviloweshe."

Teresiah alimkumbatia, akakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Njiani hakuna aliyeimba nyimbo za kucheza. Walipoingia Jogoo Road mvua ilikuwa inanyesha kweli, na mtu akaanzisha wimbo wa polepole, ule wa kuombea. Lenah aliushika mkono wa Teresiah na kupanga maneno. Basi litasimama langoni kwa Mugo. Nitashuka kwanza. Nitamshika kiunoni, maana wengi huanguka mlangoni.

Lango la Mugo likaja, likapita.

"Dereva, umepita!" Lenah aliita. "Kwa Mama Jacky ni hapo nyuma!"

Dereva hakugeuka. Kalekye, kiti cha mbele, aliinamisha kichwa. Basi likakata kona, likapita kituo kisichokuwa na mtu wala mwavuli, likasimama mbele ya nyumba ambayo chumba chake cha kwanza ni cha Lenah. Hema lilikuwa limefungwa mlangoni, na chini yake viti vya kukodi vilikuwa vimejaa watu.

Kwenye kiti cha mbele, amejifunika blanketi, fimbo mapajani, alikuwa ameketi Mugo. Alipomwona Lenah alijikokota akasimama, akavua kofia. Na Teresiah alikuwa tayari amemshika Lenah kiunoni, kwa nguvu, kwa mikono yote miwili.