Ulimi wa Bibi Ephrasia

"Nukta tisa mbili!" Ildefons alipiga kelele, na mwenye nyumba wake pale Kahororo akatoka mbio na fimbo akidhani ni nyoka.

Hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na kompyuta, na ndani yake programu ya takwimu iliyokuwa imemwokoa kijana wa watu asifukuzwe chuo. Msimamizi wake, Dokta Kagaruki, alikuwa amemrudishia kazi yake ya utafiti mara mbili. "Usigawe makundi kabla hujapima kama yapo," alimwambia. "Kompyuta ukiilazimisha, hata mchanga wa ziwani itakugawia makundi." Mara ya tatu ingekuwa ya mwisho.

Kipimo chenyewe si kigumu. Jibu likiwa karibu na nusu, data zimetawanyika ovyo. Likiisogelea moja, makundi yapo kweli. Ildefons alipata 0.92. Ladha ya ndizi za majirani wa kwao Kamachumu, Muleba, ilikuwa imejigawa yenyewe mafungu mawili: tamu huku, mbovu kule, na katikati hakuna mtu.

Tumpe haki yake, alifanya kazi kwa uangalifu. Kila kaya ilitoa mkungu, ndizi zikachemshwa kwa chumvi tupu, na kila bakuli likabandikwa jina la mwenye kibanja cha migomba ili data zisichanganyike. Mwonjaji alikuwa mmoja tu, bibi yake Ephrasia, ambaye kwa habari ya ndizi Kamachumu nzima inamwogopa. Tena tangu babu azikwe, Bibi alikuwa mnyonge, na Ildefons aliona kazi hii itamchangamsha.

Ilimchangamsha kwelikweli. Alivaa miwani, akajifungia jikoni kwa kuwa hawezi kula akitazamwa, akawa anataja alama kwa sauti kubwa bila kusita: utamu, ulaini, harufu. Mjukuu aliandika akiwa nje ya mlango. Mabakuli yote yalitoka meupe, bila hata kipande.

Kundi la pili, la ndizi mbovu, lilikuwa na watu wa kushangaza. Hata Gaudiosa, ambaye ndizi zake hugombewa harusini, alikuwemo. "Takwimu hazijui jina la mtu," Ildefons alijisemea kwa furaha.

Dokta Kagaruki alipiga simu siku hiyohiyo. "Hongera! Makundi yapo, tena ya asili kabisa. Andika tu kinachoyatenganisha, umemaliza."

Ildefons alikuwa na hakika ni udongo. Akaenda Kamachumu kuulizia, akamkuta Bibi anamlisha nguruwe aliyenona mpaka kugeuka bandani ni shida.

"Bibi, zile ndizi mbaya zilikuwa na ladha gani hasa? Uchachu? Magadi?"

"Muulize nguruwe."

Ildefons alicheka. Bibi hakucheka.

"Sasa Bibi, alama ulitoaje?"

"Waitu, mjukuu wangu, si uliniandikia majina?" Bibi alimmwagia nguruwe maganda yaliyobaki. "Niliowasifu walikuja kumzika babu yako. Niliowaponda hawakuja."