Duara Tumboni

Nakutegea, mjukuu wangu: kimelala tumboni, kikipandishwa kichwani kinaamka. Umeshindwa? Ni mafuta. Hata mimi nilitegewa hivyo hivyo, tena na daktari.

Kitindamimba wangu, fundi rangi, alianguka kutoka kwenye ngazi akagonga kichwa. Miezi saba hakutamka neno. Daktari wa kliniki moja akaniambia watamfyonza mafuta ya tumbo, watoe humo chembe changa, wazifunze kuwa chembe za ubongo, kisha wazipande palipoumia.

"Utashangaa mwenyewe, mama," akasema, akinisogezea karatasi nitie sahihi.

"Wamepona wangapi?"

"Tuna matumaini makubwa."

"Sikukuuliza matumaini, baba. Wangapi?"

Akatazama saa yake.

Mwanangu alikuwa amelala kifua wazi, tumbo limebonyea, mbavu zinahesabika. Juu ya tumbo hilo walishamchora duara la wino wa buluu, kama ukuta unaongoja kutobolewa. Mafuta yenyewe wangeyatoa wapi, kwenye godoro? Na wamechora kabla sijashika hata kalamu!

Damu ikanichemka. Nikalowesha ncha ya mtandio wangu kwa mate, nikaanza kulifuta lile duara.

"Mama, tafadhali, unachelewesha kazi."

"Wangapi?" Nilipaza sauti mpaka korido nzima ikasikia.

Muuguzi aliyeshika beseni akainamisha kichwa.

"Watu, hakuna, bibi," akasema muuguzi. "Waliopona ni panya."