Kufuli la Mama Mkwe

Kacha! Kufuli likafungwa nje ya mlango, na Dorine akafumbua macho gizani. Kulikuwa kumekucha zamani. Giza lile lilikuwa la vitenge viwili vilivyotundikwa dirishani, maana tangu pikipiki imtupe kwenye lami ya Kalundu akagonga kichwa, mwanga ulimchoma macho kama pilipili.

"Usisome, usiguse simu, lala," daktari alisema. Mama mkwe, mkulima wa mpunga kutoka Luberizi, alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Simu ya Dorine akaifungia kiunoni mwake. Na siku Dorine alipotoroka kwenda chuo, akaanguka mlangoni kwa jirani Noella, ndipo likaja kufuli. Ufunguo wa pili alipewa Noella, akawa mlinzi.

"Mama, mitihani iko karibu! Profesa wetu hatoi karatasi, anasema tu. Mwenye hayuko, mwaka wake umekufa."

"Weye, Mama Délice, lala. Masomo itakimbia wapi?"

Huyu ndiye aliyesema siku ya harusi kwamba mke wa vitabu ataunguza chakula. Dorine hakusahau. Sasa amepata nafasi yake, aliwaza.

Kila asubuhi mama mkwe alivaa kitenge cha kanisani, akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka. Mchana alirudi akisugua kiuno. "Ile mbao ya kukalia, Yesu wangu!" Dorine akajua: benchi za parokia, anawasimulia akina mama wenzake jinsi alivyomweza mwanamke wa chuo.

Mara nyingine, nyuma ya ukuta, alisikia vicheko vya Délice na bibi yake, aliyemwita koko.

"Koko, bonyeza hapa kwenye iko nyekundu."

"Nyamaza, mama yako atasikia!"

Hata simu yangu wameigeuza mchezo, Dorine akawaza, akauma shuka.

Siku moja mama mkwe alipokwenda kuteka maji, Dorine alimvuta mtoto karibu. Kichwa kilikuwa kikimgonga, machozi yakimtiririka.

"Délice, koko anafanya nini na simu yangu?"

Mtoto akatazama mlango. "Koko alikataza niseme."

"Niambie minye, mama yako."

Délice akamfuta machozi kwa kiganja.

"Koko anakaa ku kiti yako kule ku chuo, anakukamatia sauti ya profesa mu simu."