Jumatatu ya Kitfo

Siku yangu ya tatu katika idara ya mauzo ya hoteli, mkuu wangu Zeleke alininyang'anya mteja wangu wa kwanza, mama aliyetafuta ukumbi wa harusi ya bintiye, wageni mia nane.

“Wewe juzi tu ulikuwa unafua mashuka,” aliniambia. “Leo kazi yako ni kubeba sinia na kunyamaza.”

Nikabeba sinia hadi mezani kwa yule mama.

Kwenye sinia Zeleke aliagiza kiwekwe kitfo, nyama mbichi ya kusaga. Siagi ilikuwa ikiyeyuka pembezoni, inang'aa. Sisi Waorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa; Jumatatu hula nyama bila wasiwasi, lakini si Jumatatu ile. Mfungo wa Ninawi, ule wa siku tatu bila nyama wala siagi ambao tarehe zake hubadilika kila mwaka, ulikuwa umeanza asubuhi hiyo. Zeleke, anayekwenda kanisani kupigwa picha tu, hakujua.

Mama alilitazama sinia, akashika msalaba wake shingoni.

“Leo, mwanangu? Hoteli nzima hakuna aliyekumbuka?”

Zeleke alinigeukia, jasho likimtiririka. “Sema kitu, dada yangu!”

Nikafunua bakuli nililolificha nyuma ya maua ya mezani: dengu, bila tone la siagi.

“Mimi nilikumbuka, mama,” nikasema. “Ila huyu aliniamuru ninyamaze.”