Ukuta wa Wake Wenza

Bi Mwanakheri aliipaka nusu yake ya ukuta wa mbele rangi ya chungwa, kwa makusudi. Mke mwenzake, Bi Shekuwe, alikuwa amepaka nusu ya pili buluu, na nia ya Mwanakheri ilikuwa kuizima ile buluu ife kabisa. Tangu walipotoka eda ya mume wao, wawili hao waliishi nyumba moja bila kusemezana.

Asubuhi majirani walijaa mbele ya nyumba.

"Kumbe mmepatana!" akacheka muuza kahawa. "Rangi zimependezana kama maharusi. Mbona hamkutualika?"

"Nipatane na nani?" Mwanakheri akafyonya, akavuka njia akajionee mwenyewe.

Akaduwaa. Buluu haikufa. Ilikuwa imekolea kama mbingu baada ya mvua, na chungwa lake, ambalo koponi lilikuwa rangi tu, sasa liliwaka kama jua. Aliinua kiganja akauficha upande wa buluu, chungwa likapooza. Akakishusha, likawaka tena. Mashallah!

Shekuwe naye alikuja akasimama kando yake, mikono ina rangi mpaka viwikoni.

"Kitendawili!" akasema, macho ukutani.

"Tega," likamtoka Mwanakheri kabla hajajizuia.

"Peke yangu nimefifia, nikikaa na adui yangu nang'aa."

Jibu Mwanakheri alilijua. Akaliweka mdomoni kama tende, halimezi wala halitemi, na Shekuwe akamngoja, wote wawili wakiutazama ukuta.