Chumba cha Betri

Sheria inasema chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani ni cha betri. Kwetu ni kile cha nyuma, alichokuwa akilala mama mkwe wangu, Bi Chausiku. Siku hizi analala sebuleni, ambako jua linachoma bati tangu asubuhi.

Betri tunaijulia hali kama mzazi. Mume wangu Shomari akirudi na baiskeli yake ya umeme, huichomoa betri, huigusa kwa mgongo wa mkono, huiacha ipoe chumbani, ndipo huichaji. Hatuijazi pomoni wala hatuiachi iishe kabisa. Ikifa, hatupewi nyingine.

Leo mchana, betri ikiwa imesharudi chumbani, joto lilimzidi mama. Alikuwa akihema, midomo imemkauka. Nikamwingiza chumbani, nikamlaza sakafuni kando ya betri. Akafumba macho, akatabasamu.

Mara kipaza sauti cha mlangoni, kilichounganishwa na kipimajoto cha chumba, kikasema kwa upole: "Chumba kinapata joto. Tafadhali ondoeni kinachokipasha."

Nikaangaza huku na huku, nikitafuta cha kuondoa.

"Usisumbuke, mwanangu," mama akasema, akijiinua kwa kushikilia ukuta. "Ni mimi."

Nikamfungulia mlango, kisha nikaufunga upesi, ubaridi usitoke.