Bana Kwanza

"Bana kwanza, ndipo ufungue." Baba hachoki kuniambia hivyo tangu kamani ya bunduki ya gumegume, hizi za zamani za kuwashwa kwa jiwe, ilipomruka na kumtoboa jicho la kulia.

Siku hizi mikono yake inatetemeka, kwa hiyo nabana mimi. Kamani yenyewe, springi ya kufyatulia, ni kipande cha chuma kilichokunjwa, kifupi kuliko kidole changu. Nilikuwa nimeibana kwa jiliwa yake kuukuu, kibanio cha mkononi alichokataa katakata kukibadilisha.

Nikalegeza skrubu iliyoishikilia kamani kwenye mtambo. Jiliwa ikateleza, kiasi cha unywele mmoja tu.

"Baba, rudi nyuma."

"Nikirudi nyuma sioni." Akainama zaidi, mpaka pumzi yake ikanigusa vidole. "Hili lililobaki si la pambo, mwanangu. Acha niangalie."

"Baba, tafadhali!"

"Usinipigie kelele. Kaza."

Kukaza kulihitaji mikono miwili, na mmoja ulikuwa umeshika mtambo wa bunduki. Jiliwa ikateleza tena.

Nikauachia mtambo, nikapenyeza kiganja cha mkono wangu wa kazi kati ya kamani na jicho lake.